Mkataba wa Mashuka Meupe

Wanangu mnaoanza kazi ya usuluhishi, mmeniomba nikuandikieni nilichojifunza katika miaka niliyokaa ofisini kwa wakili. Nimejaribu mara mbili kuanza kwa mpangilio, tangu siku niliyoajiriwa mpaka siku niliyorudisha funguo, na mara zote mbili nilisinzia kwenye ukurasa wa pili. Kama mimi niliyeyaishi nimesinzia, nyinyi mtakuwaje? Kwa hivyo nitakuelezeni habari ya mashuka. Katika kesi zote za kuvunjwa mikataba zilizopita mezani kwangu, hii ndiyo ambayo mpaka leo nikifua nguo zangu uani hunijia, nikajikuta nimesimama na kitambaa mkononi, maji yanamiminika bure.

Kwanza mjue kazi yangu. Sikuwa wakili. Nilikuwa karani wa Bwana Haroub, aliyekuwa na ofisi ghorofa ya pili Mkunazini, juu ya duka la vitambaa. Miaka ya mwanzo alikuwa akienda mahakamani Vuga kama wenzake. Baadaye alichoka kusimama akageukia usuluhishi. Wafanyabiashara wawili wakigombana juu ya mkataba, badala ya kushtakiana walikuja kwake wakakaa meza moja, yeye akawasikiliza mpaka wapatane au wachoke. Mimi nilichapa mikataba, nilitunza mafaili, nilipika chai, na watu wakishaanza kusema nilikaa pembeni nikaandika. Anayeandika pembeni husahaulika upesi, na mkishasahauliwa mtasikia mengi. Hilo lichukueni bure.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya mwaka wa pili. Bwana Haroub alinipa nichape mkataba baina ya mtengenezaji barafu na mfanyabiashara wa samaki. Nikaona tabu ya nini, nikachukua mkataba wa zamani wa kupangisha nyumba, nikabadilisha majina na maneno mawili matatu. Wote wawili walitia saini. Miezi ikapita, barafu ikaanza kufika imeyeyuka nusu, wakagombana, wakaja. Bwana Haroub akafungua mkataba mbele yao, na kifungu cha tisa kikasema kwamba muuza barafu hatofuga kuku uani wala hatopigilia msumari ukutani bila ya ruhusa ya maandishi. Yule muuza barafu alikuwa mtu mpole sana. Aliuliza, bila ya mzaha, kama kuku wake sita awauze au awahamishie kwa dada yake.

Bwana Haroub hakunigombeza. Walipoondoka aliniambia nisimame nimsomee mkataba ule kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Tangu siku ile sikuwahi kupeleka karatasi kutiwa saini kabla ya kujisomea kwa sauti, hata kama watu wa dukani chini walidhani naongea peke yangu. Jicho linaweza kuruka mstari mzima msitambue. Mkisoma kwa sauti mtasita pale pale penye kuku.

Sasa mashuka.

Bi Zuleikha alikuwa na kiwanda cha udobi Mtoni, kandokando ya barabara ya Bububu. Alikianzisha na mashine moja, na wakati wa habari hii alikuwa na mashine tano kubwa na wanawake kumi na wawili wanaofua na kupiga pasi. Bwana Mahfoudh alikuwa na hoteli ya vyumba ishirini ndani ya Mji Mkongwe, nyumba ya babu yake aliyoitengeneza chumba baada ya chumba. Walikuwa wamewekeana mkataba wa miaka mitatu. Gari ya Bi Zuleikha ingechukua mashuka, foronya na mataulo asubuhi, na kurudisha kesho yake yakiwa meupe na yamepigwa pasi. Mkataba ule niliuchapa mimi. Niliusoma kwa sauti, na kuku hawakuwemo.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Katikati ya mwaka wa pili mashuka yakaanza kurudi na madoa. Hayakuwa madoa ya damu, wala ya chai. Yalikuwa mabaka ya rangi ya machungwa iliyopauka, kama mtu amekula biriani akajifutia kitandani. Bwana Mahfoudh alipiga simu, Bi Zuleikha akafua upya. Madoa yakazidi kukolea. Wageni wakaanza kulalamika, mmoja akapiga picha kitanda chake akaiweka mtandaoni na maneno makali. Siku ya pili yake Bwana Mahfoudh alituma ujumbe kwenye simu ya Bi Zuleikha: picha tisa za mashuka, na chini yake sentensi moja kwamba mkataba umekwisha tangu leo.

Kwa Bi Zuleikha hoteli ile ilikuwa zaidi ya nusu ya kazi yake. Alipokuja ofisini alipanda ngazi zetu bila ya kupumzika, akatuonesha ujumbe akiwa bado anahema. Bwana Mahfoudh naye tulipompigia simu hakukataa kuja. Alisema na yeye ana mengi ya kusema, na atakuja na ushahidi.

Walikuja kweli na ushahidi, wote wawili. Hapo ndipo shauri lilipoanza kunivutia.

Bwana Mahfoudh alifungua mfuko akatoa mashuka mawili meupe kabisa. Alieleza kwamba haya yamelaliwa na wageni wiki iliyopita kama mengine, lakini badala ya kuyapeleka Mtoni aliyafulia hotelini, kwa maji ya bomba na kwa sabuni ya aina ile ile. Hakuna doa. Kwa hivyo, alisema, madoa yanatoka kwa dobi.

Bi Zuleikha naye akafungua mfuko wake, akatoa mashuka mawili meupe kabisa. Alieleza kwamba haya ni mapya, hayajalaliwa na mtu. Ameyafua Mtoni mara nne, mashine ile ile, maji yale yale, dawa ya kung'arishia ile ile. Hakuna doa. Kwa hivyo madoa yanatoka hotelini.

Mashuka manne yakakaa mezani, meupe, na hakuna aliyekuwa anasema uongo. Niliyatazama mpaka nikasahau kuandika. Kama dobi ni safi na hoteli ni safi, haya madoa yanatoka wapi?

Walibishana asubuhi nzima. Kila mmoja alitaka fidia, na kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyevunja mkataba. Kuelekea adhuhuri, wakiwa wameshachoka, wakafika kwenye jambo moja walilokubaliana. Kulikuwa na mfuaji mmoja pale Mtoni, Tatu, ambaye ndiye anayetia dawa ya kung'arishia kwenye mashine. Bwana Mahfoudh alisema huenda anazidisha. Bi Zuleikha alisema na yeye alilifikiria hilo, na kwamba tangu wiki iliyopita ameshamsimamisha kazi. Wakatazamana kwa mara ya kwanza bila ya hasira. Nikaandika kwenye daftari langu: *Chanzo cha madoa: uzembe wa mfanyakazi wa dobi.* Nikapiga mstari chini yake, nikaenda kupika chai.

Bwana Haroub alikuwa na tabia ya kusoma nilichoandika baada ya watu kuondoka. Alisoma, akavua miwani.

"Bi Kazija," aliniambia, "huyu Tatu wewe umemsikilizia wapi?"

Nikamwambia sijamsikiliza, hakuwepo.

"Basi hapa umeandika nini?"

Niliona uso unanichoma. Wanangu, miaka yote ile nikijivuna kwamba naandika kinachosemwa tu, na hapa nilikuwa nimeandika hukumu juu ya mtu ambaye sura yake sikuijua. Jambo pekee walilokubaliana wale wawili lilikuwa kumtwisha kosa mtu asiyekuwemo chumbani, na mimi nikalipigia mstari. Tokea hapo, kila nikiona wagomvi wamepatana ghafla juu ya mtu wa tatu, najua kuna kitu hakijatazamwa.

Bwana Haroub akaniuliza kama kesho nina kazi nyengine. Nikasema sina. Akasema basi niende nikamtafute.

Tatu alikuwa akikaa Mpendae, nyumba ya bati nyuma ya msikiti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vimepauka kwenye ncha kwa sababu ya dawa. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akanitandikia mkeka barazani. Nilipomwambia nimetoka kwa wakili alitazama chini. Nikaona anadhani nimekuja kumshtaki. Nikamwambia nimekuja kumuuliza kwa sababu yeye ndiye aliyeyaona mashuka kwa karibu kuliko sisi wote.

Alinitazama kama mtu asiyeamini alichosikia. Kisha akasema, na akisema haachi.

Alinieleza kwamba amefanya kazi kwa Bi Zuleikha tangu kiwanda kinafunguliwa, na kipimo chake cha dawa ni kikombe kimoja cha plastiki chenye alama aliyoichora mwenyewe kwa msumari. Hajawahi kuzidisha. Alieleza kwamba mashuka ya hoteli yanapofika hayana doa. Yanakuwa na sehemu zinazoteleza, hasa pale panapolala mabega na mgongo, na ukiyamwagia maji sehemu hizo hazirowani upesi. Zina harufu ya mafuta, ya yale wanayojipaka wageni wakitoka kwenda pwani. Yakiingia kwenye mashine bado meupe. Akishatia dawa, yakitoka, zile sehemu zinazoteleza ndizo zilizogeuka rangi ya machungwa.

"Doa haliji na shuka, Bi Kazija," alisema. "Linazaliwa mle ndani ya mashine. Mimi nimeliona."

Nikamuuliza kama hayo alimwambia Bi Zuleikha. Alisema alimwambia mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa wageni wamekuwa wakijipaka mafuta miaka yote na mashuka yalikuwa meupe. Mara ya pili aliambiwa arudi nyumbani mpaka aitwe.

Lile jawabu la kwanza lilikuwa na maana, kwa kweli. Wageni walijipaka mafuta mwaka wa kwanza pia. Nilipokuwa nasimama kuaga, mguu mmoja ukiwa umeshaingia kiatuni, nikamuuliza Tatu nini kilichobadilika pale Mtoni katikati ya mwaka wa pili. Sabuni mpya? Mashine mpya? Alifikiri. Alisema hakuna, ila mwaka huo maji ya bomba yalipungua, na Bi Zuleikha akachimba kisima kirefu cha mashine. Maji mazuri, wanayanywa mpaka leo. Isipokuwa ndoo zimeanza kuota rangi ya kutu chini.

Nikakaa tena mkekani.

Sikupata kusoma kemia. Skuli niliishia pale walipoishia wasichana wengi wa rika langu. Lakini miaka mingi ya kusikiliza ugomvi ilinifunza kuvitenganisha vitu kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Shuka lililolaliwa, na maji ya bomba: jeupe. Shuka jipya, na maji ya kisima: jeupe. Shuka lililolaliwa, na maji ya kisima: doa. Huenda basi doa halikuwa la hoteli wala la dobi. Huenda lilikuwa la vile viwili vikikutana.

Kabla ya kusema neno kwa mtu nilipita hotelini, nikaomba kuonana na Bi Mize, mwanamke wa Makunduchi aliyekuwa mkubwa wa watandika vitanda. Mkiwa na ugomvi unaohusu hoteli, meneja muoneni mwisho. Anayetandika kitanda ndiye anayejua. Nilimuuliza Bi Mize kama kuna wiki yoyote tangu madoa yalipoanza ambayo mashuka yalirudi meupe. Hakuhitaji kufikiri. Alisema ipo moja. Kulikuwa na harusi, ukoo mzima umetoka Pemba, wamejaza vyumba vyote ishirini kwa siku tano. Mashuka yao yalirudi na alama za hina tu, ambayo kila mtu anaijua. Hayakuwa na yale mabaka.

"Na wao wanajipaka yale mafuta ya jua?" nilimuuliza.

Bi Mize alicheka mpaka akashika mlango. Alisema watu wa Pemba jua wanalijua tangu wamezaliwa, wajipake ya nini.

Nilimuomba aniwekee chupa za mafuta ambayo wageni wanayaacha vyumbani wakiondoka. Siku mbili baadaye alinipa mfuko mzima.

Bwana Haroub nilipomueleza alitabasamu peke yake, kitu alichokifanya kwa nadra. Alisema tusiwaambie, tuwaoneshe. Akawaita wote wawili, na badala ya kuwaweka mezani akawapandisha juu ya paa la nyumba yetu, penye tangi la maji na kamba za kuanikia. Nilikuwa nimepanga makarai manne meupe. Mawili nimeyatia maji ya bomba, mawili maji ya kisima niliyoyachukua Mtoni kwa dumu. Kila karai lina kipande cha shuka jipya. Viwili nimevipaka yale mafuta, kimoja kwa kila aina ya maji, viwili nimeviacha vilivyo. Bi Zuleikha mwenyewe nikampa kile kikombe chenye alama ya msumari, nilichokichukua Mtoni pamoja na maji, atie dawa sawa sawa kwenye yote manne.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Bwana Mahfoudh aliangalia saa yake. Kunguru akatua kwenye tangi. Nilianza kujuta, nikijiona kikongwe kilichowapandisha watu wazima juani kwa ajili ya makarai. Kisha Bi Zuleikha akainama. Kwenye karai la mwisho, lenye mafuta na maji ya kisima, kile kitambaa kilikuwa kimeanza kubadilika kwenye pindo, polepole, kama mkate unavyoanza kuiva. Tulisimama sote tukitazama, na baada ya muda rangi ilikuwa ile ile ya picha tisa. Makarai mengine matatu yalibaki meupe.

Bwana Mahfoudh alikunja mikono ya kanzu, akakitoa kile kitambaa, akakigeuza huku na huku. Aliuliza kama anaweza kurudia mwenyewe, kwa kitambaa kingine. Akarudia. Akarudia tena. Nadhani alikuwa ameshasahau kwamba amekuja kugombana. Baadaye mwalimu mmoja wa kemia, mkwe wa Bwana Haroub, alitueleza kwamba maji ya kisima kile yana chuma, chuma kinashikana na kitu kilichomo kwenye mafuta ya kuzuilia jua, na dawa ya kung'arishia inakoleza. Kila kimoja peke yake hakina neno.

Msidhani kwamba ugomvi uliisha juu ya paa. Tulirudi chini, na ukaanza ule ambao ndio kazi yenu. Nani aliyevunja mkataba?

Bwana Haroub akamwambia Bwana Mahfoudh asome kifungu cha tano kwa sauti. Kilisema mfuaji atatumia maji safi na sabuni inayofaa. Bwana Mahfoudh alisema maji yenye chuma si maji safi. Bi Zuleikha alisema maji yale yeye na wafanyakazi wake wanayanywa, na kama yanafaa kuingia tumboni mwa mtu yanafaa kwa foronya. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeyachapa yale maneno, wakaniuliza "safi" maana yake nini.

Niliwaambia ukweli. Niliwaambia kwamba nilipochapa "maji safi" sikuwa na maana yoyote kichwani. Nililiandika kwa sababu lilisikika vizuri. Nimesoma mkataba mzima kwa sauti na ulimi wangu haukusita, kwa sababu neno hili linapita popote.

Kisha Bwana Haroub akamwambia Bi Zuleikha asome kifungu cha kumi na moja. Kilisema upande ukiona kasoro utauandikia upande wa pili, na utaupa siku kumi na nne za kurekebisha, kabla ya kuuvunja mkataba. Bi Zuleikha alikisoma mara mbili, mara ya pili polepole. Bwana Mahfoudh alisema yeye aliandika. Bwana Haroub akamuomba amuoneshe zile siku kumi na nne ziko wapi kwenye ujumbe wa simu. Hazikuwepo.

Ikawa kila mmoja ana tundu lake. Bi Zuleikha alibadilisha maji bila ya kumwambia mwenzake, na Bwana Mahfoudh aliuvunja mkataba kwa sentensi moja. Bwana Haroub aliwaambia kwamba wakitaka kwenda mahakamani njia wanaijua, na huenda kila mmoja akashinda kidogo, lakini mashuka yatabaki na madoa. Akatoka akaenda kusali adhuhuri, akatuacha watatu. Alikuwa akifanya hivyo kwa makusudi. Aliporudi walikuwa wameanza kuzungumza habari za kuchuja maji.

Nilichapa nyongeza ya ukurasa mmoja. Mashuka ya wageni yataloweshwa kwanza kwa sabuni ya kuondoa mafuta, kwa maji ya bomba yaliyowekwa kwenye tangi, na ile dawa haitotumika. Hoteli itawapa wageni mataulo ya kahawia ya kwendea pwani. Mfuaji hatobadilisha anakochukua maji bila ya kumwandikia mwenzake. Na lile neno "safi" nililifuta. Mahali pake, baada ya kuuliza watu wengi na kuharibu karatasi nyingi, tuliandika: *maji ambayo yakiwekwa kwenye ndoo nyeupe mpaka siku ya pili hayabadiliki rangi wala hayaachi kutu chini.* Si maneno ya kisheria ya kupendeza. Lakini mtu yeyote mwenye ndoo anaweza kujua kama mkataba umefuatwa. Walitia saini wote wawili, na ule ujumbe wa simu ukafutwa kwa barua.

Bwana Mahfoudh alikuwa ameshafika ngazini nilipomwambia Bi Zuleikha kwamba kwenye daftari langu bado kuna mstari mmoja juu ya Tatu, na kwamba nimeupigia mstari chini, na nataka kuufuta lakini siwezi kuufuta peke yangu. Alikaa tena. Alisema kwa sauti ndogo kwamba tangu juu ya paa alikuwa akimfikiria yeye tu. Akaniomba nimchapie barua ya kumrudisha kazini.

Nilichapa barua nzuri, au nilidhani hivyo. *Kwa kuwa ilionekana kwamba kulikuwa na uzembe katika utiaji wa dawa, na kwa kuwa baadaye imebainika vyenginevyo, unaarifiwa kurejea kazini kuanzia wiki ijayo, na siku ulizokuwa nje zitahesabiwa kuwa za kazi.* Bi Zuleikha akatia saini. Tukaenda Mpendae pamoja, kwa gari ile ile ya kuchukulia mashuka.

Tatu alitukaribisha barazani. Bi Zuleikha alimuomba radhi kwa mdomo, na alimuomba vizuri, sitaki kumpunguzia. Tatu akaitikia kwa adabu. Kisha nikampa barua. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole, midomo ikitikisika, kama Bwana Haroub alivyonifunza mimi. Alifika mwisho, akarudi juu, kidole kikasimama.

"Hapa panasema ilionekana," alisema. "Nani aliyeona?"

Sikumfahamu mara moja. Nikamwambia ndiyo lugha ya barua za ofisi.

"Nnajua. Lakini hakuna aliyeona. Alama ya msumari ipo kwenye kikombe, hakuna aliyekuja kuitazama. Ilisemwa tu. Na waliosema wana majina."

Barua ilikuwa ya Bi Zuleikha, na saini ni yake. Aliniomba kalamu. Akakata mstari wote ule wa mwanzo kwa mkono wake, na juu yake akaandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: *Mimi Zuleikha nilisema Tatu amezembea. Sikutazama. Tatu hakuzembea.* Akatia saini mara ya pili pembeni. Kisha akanipa kalamu mimi, bila ya kusema kwa nini, na nikaelewa. Niliandika chini yake kwamba na mimi, karani, niliandika hivyo hivyo bila ya kumsikiliza, na nikaweka jina langu.

Tatu aliichukua karatasi, imechafuka sasa, imekatwakatwa, haifai kuwekwa kwenye faili lolote. Aliisoma tena yote tangu juu. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga, akafunga fundo.

Kisha akamuuliza Bi Zuleikha siku hizi asubuhi wanafungua saa ngapi.